Vumbi la Manga na Vumbi la Tabaka

Watu wa kwetu wanasema mama Nyanchera aliondoka na kifua kikuu. Wengine, wale wanaopenda kuonekana wanajua zaidi, wanasema alirogwa na mwanamke wa ng'ambo ya mto. Nimewasikiliza miaka mitano sasa na nimechoka nao. Hakufa na kifua kikuu, wala hakurogwa. Alikufa kwa vumbi la mawe mawili. La kwanza alilivuta akitafuta riziki. La pili alilivuta kwa sababu yangu mimi, Machogu, mwalimu mwenye cheti ukutani na kalamu mbili mfukoni.

Nyanchera alikuwa mke wa Angwenyi, na Angwenyi ni baba yangu mdogo, amemfuata marehemu baba kwa kuzaliwa. Boma lao liko chini ya jabali la Manga, upande unaotazama Keumbu. Hawakujaliwa watoto, kwa hiyo mimi nilikuwa naingia na kutoka mle ndani nikiwa mtu wa nyumbani, na nikikuta chakula nilikula bila kuulizwa. Kazi yao ilikuwa mawe ya kusagia wimbi. Baba mdogo alikuwa anapanda jabali asubuhi na nyundo na kabari mbili za chuma, anagonga mwamba hapa na pale huku ameinamisha sikio. Jiwe lenye ufa ndani hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, na hilo alikuwa analiacha. Lililo zima lilitoa sauti kali ya chuma. Hilo ndilo alilolipasua na kulishusha mgongoni, kipande cheupe chenye wekundu kidogo, ukiligeuza juani linametameta kama sukari.

Lakini jiwe likitoka mlimani bado si kitu. Uso wake ukiwa laini, wimbi linateleza tu, unasaga mpaka jasho linakauka na unga hujaupata. Lazima uso ugongwegongwe kwa ncha ya chuma, nukta kwa nukta, mpaka utoboke matundu madogo madogo na jiwe lianze kuuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mama Nyanchera. Alikuwa na mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine. Wanawake walitoka mbali, hata Nyamache, kuja kutafuta jiwe, na wakifika sokoni Keumbu swali lao la kwanza halikuwa habari za bei. Waliuliza, "Hili amelipitia Nyanchera?" Kama hapana, waliendelea na safari yao.

Sasa kwetu mvua haiombwi, inakuja yenyewe kila alasiri. Mlimani baba mdogo alikuwa kwenye upepo, na vumbi lake lilikwenda na upepo. Mama Nyanchera aligongea jikoni, mlango umerudishwa kwa ajili ya mvua, moshi juu na vumbi chini. Alikuwa akitoka mle nyusi ni nyeupe, na sisi tulikuwa tunamcheka, tunamwambia amezeeka kabla ya mume wake. Yeye naye alikuwa anacheka. Tulicheka kwa miaka ishirini, wajinga sisi.

Mwaka wa 1966 Jaffer, mfanyabiashara wa Keumbu, alileta mashine ya kusaga. Watu walifikiri hiyo ndiyo itawamaliza akina Angwenyi, lakini haikuwamaliza mara moja. Kina mama wengi waliona unga wa wimbi wa mashine una harufu ya mafuta, na uji wa mtoto hawakuukubali. Kilichowamaliza kilianza kama kikohozi kikavu, mwaka wa pili baada ya mashine. Mama Nyanchera alikuwa anapanda kutoka mtoni na mtungi, anasimama mara tatu njiani. Halafu mara tano. Mwaka wa 1969 hospitali ilimpa sindano za kifua kikuu kwa miezi mingi. Matako yakamvimba na kikohozi kikabaki pale pale.

Ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na mtu aliyetoka chuoni hana dawa. Nilikuwa nafundisha jiografia, na katika kitabu chetu habari za mawe zilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Kuna mawe ya moto, yaliyotoka tumboni mwa volkano. Kuna mawe ya mashapo, yaliyotokana na mchanga na tope chini ya maji. Na kuna mawe yaliyogeuka, ambayo yalikuwa kitu kimoja, yakabanwa na kupashwa joto, yakawa kitu kingine. Hayo tu. Mimi nikayafanya kuwa hekima ya kuwafundishia wakubwa zangu.

"Baba mdogo," nilimwambia, tumekaa kibarazani, "hili jiwe la Manga ni gumu. Vumbi lake ni kali, ndilo linalomkata mama kifuani. Kwa nini msihamie jiwe la Tabaka? Lile jiwe la sabuni unalichonga kwa kisu. Vumbi lake ni laini, ni poda. Hata ile poda wanayopakwa watoto wachanga mjini inatokana na jiwe la namna hiyo."

"Poda ya watoto?" mama Nyanchera aliuliza kutoka ndani.

"Ndiyo, mama. Ingekuwa mbaya wangempaka mtoto?"

Baba mdogo alikuwa mtu wa kupima maneno. Alisema yeye mkono wake ni wa jiwe gumu, hajui kubembeleza. Lakini kikohozi kilianza tena mle ndani, kikachukua muda kuisha, na kilipoisha alisema, "Kama itamsaidia, nitajifunza kubembeleza."

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1970. Akaanza kwenda Tabaka kila wiki, kwa basi mpaka Kisii, kisha njia ya upande wa pili, anarudi na magunia mawili ya mawe ya rangi ya maziwa na waridi. Mwanzoni alivunja mengi. Anapiga pigo moja la Manga, sahani inagawanyika vipande vitatu. Mama Nyanchera alikuwa anamtania kwamba ameolewa na mtu wa kupasua milima na sasa anamtaka atengeneze visahani. Yeye mama mwenyewe alijifunza haraka. Alifanya bakuli na vibweta vya kuwekea sindano, na Jaffer alivichukua kupeleka Kisumu. Na ule mwaka wa kwanza, msinicheke, alipata nafuu. Alinenepa kidogo. Alipanda kutoka mtoni akisimama mara moja tu. Siku moja aliniwekea matoke yenye karanga, akaniambia, "Mwalimu, hili jiwe lako halina mifupa." Nilikula kifua mbele. Nilitembea kijijini kama mtu aliyemfufua mtu.

Sasa najua ni nini kilichompa nafuu. Wakati ule walikuwa wanafanyia kazi uani, kiangazi kilikuwa kirefu, na walikuwa wanasugua kwa maji walivyoonyeshwa na watu wa Tabaka. Mvua iliporudi wakarudi ndani. Kuchonga umbo la kwanza hakutumii maji, kunatumia panga na tupa, na vumbi lake ni jepesi kuliko unga wa mashine. Mwishoni mwa 1971 mama Nyanchera alikuwa anasimama mara sita.

Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja wa mawe. Hatukumjua kwa jina lingine. Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu, amepiga hema chini ya Manga, anazungukazunguka na nyundo ndogo na kuweka vipande kwenye vifuko vyenye namba. Alimwajiri baba mdogo amwonyeshe njia, maana nani aliyeijua Manga kumshinda yeye? Walielewana kwa nyundo. Lakini Jumapili moja baba mdogo aliniita niende kutafsiri. Alisema ana swali moja, na hataki liharibike njiani.

Tulimkuta anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Baba mdogo alitoa mfukoni vipande viwili, kimoja cha Manga, kimoja cha Tabaka, akaviweka mezani. "Muulize kwanza, hawa ni ndugu?"

Yule bwana alifurahi, alikuwa amepata wa kuongea naye. Alikishika cha Manga akasema hiki kilikuwa mchanga. Mchanga mtupu, chini ya maji ya zamani sana. Ukafunikwa na kubanwa, na kitu kile kile cha mchanga kikayeyuka na kuingia katikati ya chembe kuzigandisha, mpaka leo ukilivunja jiwe haligawanyiki kando ya chembe, linapasua chembe yenyewe. Kisha alikishika cha Tabaka. Hiki, alisema, wengi wa kazi yake wanaamini kilianza kama mwamba wa volkano, mgumu kabisa, tena mkali. Baadaye maji ya moto ya chini kwa chini yakapita ndani yake muda mrefu kupita akili, yakala ugumu wake, yakabakiza hiki unachokikwaruza kwa ukucha.

"Kwa hiyo aliyezaliwa mchanga amekuwa mgumu," baba mdogo alisema nilipomaliza kutafsiri, "na aliyezaliwa moto amekuwa laini."

"Ndivyo."

"Mwambie nimeelewa. Katika kitabu wanawekwa wapi?"

Yule bwana alicheka kidogo. Alisema katika kitabu wote wawili wanaweza kuingia fungu moja, la mawe yaliyogeuka, ingawa wametoka pande mbili ambazo hazikujuana. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kile kitu kikali kilicho ndani ya Manga kimo pia ndani ya Tabaka, yale maji hayakukimaliza. Ni kidogo zaidi, lakini vumbi lake ni jembamba mno, linaingia mbali.

Hilo la mwisho sikulitafsiri. Nilisema tu kwamba ndiyo, fungu moja.

Ndipo baba mdogo akauliza swali lake. Aliliuliza polepole, macho yakiwa kwenye vile vipande. "Muulize. Vumbi la haya mawe likishaingia kifuani mwa mtu, ni lipi linalotoka?"

Nilitafsiri. Hilo nilitafsiri vizuri, neno kwa neno.

Yule bwana aliweka kikombe chini. "Hakuna," alisema. "Halitoki hili wala lile. Nani mgonjwa?" Nikamwambia. Akasema, "Mwambie amtoe kwenye vumbi leo. Si kesho, leo. La Manga ndilo limemharibu, lakini hili jingine linamwongezea. Akitolewa sasa huenda akapata miaka mingi."

Haya, nyinyi mnaosikiliza, mngesema nini? Ni rahisi, najua. Mngesema lililosemwa. Baba mdogo amenikodolea macho kama mtu anayengoja hukumu, na mimi nina maneno mdomoni ambayo maana yake ni kwamba nilimdanganya mwaka wa sabini na poda yangu ya watoto. Kwamba magunia yote yale aliyobeba kutoka Tabaka alikuwa anambebea mkewe kifo. Na ni mimi niliyemtuma. Niliona aibu. Sikuona huruma, msinipambe. Niliona aibu yangu mimi, na ikanishinda nguvu.

"Anasema," nikaanza, "la Manga ni gumu kutoka. La Tabaka ni laini. Hilo linatoka lenyewe."

"Linatoka lenyewe tu," baba mdogo aliuliza, "au linatoka pamoja na lile jingine?"

"Linatoka nalo," nikasema.

Alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. Alimshika yule bwana mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa na kuutikisa.

"Amesema nini?" yule bwana akaniuliza.

"Anashukuru," nikajibu.

Wiki ile ile yule bwana aling'oa hema. Miezi miwili baadaye mimi nilihamishiwa shule moja ya Nyamache, na nitasema ukweli, niliupokea uhamisho kwa mikono miwili. Nilijiambia watu wazima wana akili zao. Nilijiambia labda hata bwana mwenyewe hajui. Kwa miaka miwili nilifika kwao mara mbili tu, na mara zote mbili nilisimama uani, nikisingizia nina haraka, nimeacha kitu huko Mosocho.

Agosti ya 1974, likizo, nilikwenda mchana. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa na jua linawaka. Nikasikia tupa ndani, kwaru, kwaru, kwaru. Nikabisha, hakuna jibu, nikausukuma. Ulikuwa mzito. Kwa ndani walikuwa wameziba nyufa zote kwa majani makavu ya mgomba.

Kwetu mtu akiwa na mafua mazito hujifukiza. Anawekewa sufuria ya majani yaliyochemka, anafunikwa blanketi, anavuta ule mvuke mpaka atoke jasho. Kila mtu anajua. Mle ndani mama Nyanchera alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefunikwa blanketi kichwani. Lakini hapakuwa na sufuria. Baba mdogo alikuwa ameingia naye chini ya blanketi, ameshika bonge la jiwe la Tabaka kavu, analisugua kwa tupa karibu na uso wa mkewe. Nilipolivuta blanketi, lile vumbi jeupe lilipanda mpaka kwenye paa. Mama Nyanchera alikuwa amefungua kinywa, anavuta. Alikuwa mifupa na macho.

"Mnafanya nini?" nikapiga kelele.

"Funga mlango, Mwalimu," mama Nyanchera alisema kwa pumzi fupi fupi. "Vumbi linatoka bure."

Baba mdogo alinieleza, na alinieleza kwa fahari. Walikuwa wanafanya hivyo asubuhi na jioni, tangu mwaka uliopita. Kama laini linatoka na gumu, basi anayelivuta kwa bahati tu anapona polepole, na anayelivuta kwa kulikusudia anapona upesi. Alishangaa kwa nini yule bwana hakulisema hilo wazi. Alikuwa amelifikiria mwenyewe.

Nilianguka magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti isipokuwa Mungu, na Mungu mwenyewe ni siku ya Sabato tu. Niliwaambia yote. Kwamba bwana alisema hakuna linalotoka. Kwamba alisema amtoe vumbini siku ile ile. Kwamba niliyageuza maneno kwa sababu nilijionea haya. Nililia mbele yao, mwanaume mzima.

Mama Nyanchera alinyoosha mkono, akanishika kichwa, akaniachia weupe kwenye nywele.

"Mwanangu," alisema, "umeniona nimekonda, umeogopa. Sema pole, inatosha. Usianze kubadilisha maneno ya yule bwana."

"Mama, nawaapia."

"Anaogopa tusitumaini bure," baba mdogo alimwambia mkewe, kana kwamba mimi sipo. "Ni moyo mzuri. Lakini mimi nilikuwepo, Mwalimu. Nilimwona uso. Mtu hasemi hakuna, halafu akamwacha mwenzake amshike mkono vile."

Nilibishana nao siku nne. Ya tano niliwabeba kwa nguvu mpaka hospitali, wakapiga picha ya kifua. Daktari alinionyesha ile picha dirishani. Akasema kilichofanyika kimefanyika, na hata akikaa kwenye hewa safi kama ya mbinguni, ni wiki chache tu. Basi akasema turudi nyumbani. Baba mdogo alisikia wiki chache, akasema ndiyo sababu ya kuongeza bidii.

Mama Nyanchera alifariki Oktoba, mvua inanyesha, mlango umefungwa.

Kwenye mazishi baba mdogo alisimama kusema. Hakuwa msemaji. Alisema mke wake alikuwa afe mwaka wa sabini na mbili, kila mtu alijua, lakini Mwalimu Machogu aliwapatia maneno yaliyomwongezea miaka miwili. Watu wakanigeukia. Mzee wa kanisa akaniomba nifunge kwa sala, na nilifunga. Hata sasa sijui nilisema nini.

Nilidhani hapo imekwisha. Lakini baba mdogo mwenyewe alikuwa amekaa mle chini ya blanketi mwaka mzima, akisugua. Mwaka jana alianza kukohoa kile kikavu. Picha yake nimeiona, ni ile ile. Nimemwambia tena ukweli, nimemwambia nikiwa nimekasirika, nimemwambia nikiwa mpole, nimemletea mwenzangu anayefundisha sayansi. Anatikisa kichwa. Anasema akikubali ninayosema, basi ni yeye aliyemuua Nyanchera kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni, na jambo hilo hataki kufa nalo.

Jumapili iliyopita aliniita. Mikono imemwishia nguvu, hawezi tena kushika tupa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mkewe, blanketi mabegani. Akaniomba nimsugulie.

"Ukikataa," alisema bila hasira, "nitamwita mtu wa njiani, na yeye atafanya haraka haraka."

Nilitoka uani kuchukua jiwe. Nilipokuwa kule nililitumbukiza kwenye ndoo, nikaliacha linywe mpaka likabadilika rangi, ndipo nikarudi nalo. Nikafunga mlango kama alivyotaka. Nikaingia chini ya blanketi, nikaanza kusugua. Tupa ilikuwa inateleza, na kilichotoka kilikuwa uji mweupe, unanitiririkia kwenye vidole.

Alingoja, kinywa wazi. Baadaye alinyoosha kidole akaligusa.

"Mwalimu, hili limelowa."

"Ndiyo, baba mdogo. Mvua ililipata."

"Basi liweke pale karibu na moto," alisema. "Hatuna haraka."

Nililiweka karibu na moto, nikakaa naye, tukalingoja likauke.